Barua ya wazi kwa viongozi wa afya Arusha: damu ya mjamzito isomwe kama damu ya mjamzito

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Arusha,
Kwa Waganga Wakuu wa halmashauri zetu zote: Jiji, Arusha, Meru, Monduli, Longido, Karatu na Ngorongoro,
Kwa waheshimiwa madiwani mnaosimamia afya, na wajumbe wa kamati za vituo,

YAH: VIPIMO VYA DAMU KWA WAJAWAZITO WENYE PRESHA

Ndugu viongozi, salaam.

Mimi ni mteknolojia wa maabara hapa mkoani. Kazi yangu iko nyuma ya kidirisha: mama anatolewa damu, mimi naipima, majibu yanarudi kwa daktari au mkunga, na mara nyingi mama mwenyewe simuoni tena. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliwezi kumalizwa na kituo kimoja. Linahitaji agizo la mkoa, na sehemu yake kubwa haidai hata bajeti mpya.

Ombi langu kuu ni hili. Karatasi za majibu katika maabara zetu nyingi zinamsoma mama mjamzito kana kwamba hana mimba. Viwango vya kawaida vilivyochapwa pembeni ya jibu ni vya mtu mzima yeyote. Kwa mama mwenye presha ya ujauzito, tofauti hiyo inaweza kumrudisha nyumbani akiwa tayari yumo hatarini. Naomba viwango hivyo vibadilishwe, na vipimo vyenyewe vipatikane siku ileile mama anapokutwa na presha.

Nianze na figo, maana hapo ndipo madhara ni makubwa zaidi. Mwanamke akishika mimba, figo zake huanza kuchuja damu kwa nguvu kuliko zamani, karibu nusu zaidi, na huanza mapema kabla hata tumbo halijaonekana. Kriatinini, ile taka inayotoka kwenye misuli na kutolewa na figo, inashuka. Mwanamke aliyekuwa na kriatinini ya maikromoli 60 kwa lita kabla ya mimba anaweza kukutwa na 45 au 50 akifika katikati ya ujauzito. Hiyo ndiyo hali yake ya kawaida kwa wakati huo. Sasa presha ya ujauzito ikianza kuzidhuru figo, namba inapanda taratibu: inatoka 50, inafika 70, inafika 85. Mashine inasoma 85, inalinganisha na kiwango ambacho kwenye karatasi nyingi kinaishia 90 au hata kuvuka 100, kisha inachapa kwamba jibu ni la kawaida.

Wataalamu wa figo nchini Uingereza wamekwisha kuandika kwamba kriatinini inayozidi 77 kwa mjamzito iko nje ya kawaida. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa presha ya ujauzito kinahesabu kwamba ikifika 90 figo zimeshaguswa. Mwongozo wa Marekani umeweka mpaka kwenye miligramu 1.1 kwa desilita, ambayo ni kama maikromoli 97, au kriatinini ikiongezeka mara mbili. Mipaka hiyo haifanani, na wataalamu wataendelea kuijadili, lakini yote imewekwa kwa kumfikiria mjamzito. Huu wetu uliochapwa pembeni haukumfikiria.

Kuna karatasi mbili ambazo sizisahau. Zilikuwa za dada mmoja mwenye mimba ya kwanza. Mwanzoni mwa ujauzito alipata homa iliyomsumbua, akapimwa vitu vingi pamoja na figo, na kriatinini ilikuwa 52. Alipofika wiki ya 33 alikwenda kituoni analalamika kichwa, na maumivu chini ya chembe ya moyo. Presha ilikuwa 148 kwa 96, na kijiti cha mkojo kilionyesha protini alama moja. Damu ikachukuliwa, kriatinini ikaja 88. Karatasi zote mbili zilikuwa na neno lilelile pembeni: kawaida. Ile ya kwanza ilikuwa imekunjwa mara nne ndani ya kadi yake ya kliniki, nyuma kabisa, na hakuna aliyeikunjua. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, hazikupimwa kwa kuwa kitendanishi (dawa ya kupimia) cha mashine ya picha ya damu kilikuwa kimekwisha. Aliandikiwa methildopa, dawa ya kushusha presha, pamoja na dawa ya vidonda vya tumbo, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki haikuisha, akaletwa na gari akiwa na kifafa cha mimba. Mama alipona. Mtoto hakuishi.

Simshitaki mtu hapa, na kituo sikitaji. Aliyesoma karatasi ile alisoma kilichoandikwa. Lakini ukizilaza karatasi hizo mbili mezani, moja kando ya nyingine, unaona kriatinini imepanda kwa zaidi ya nusu, kwa mwanamke mwenye presha, protini na kichwa kinachouma. Huyo hakuwa mtu wa kuambiwa arudi baada ya wiki mbili. Na kama karatasi ya pili ingechapwa viwango vya mjamzito, kama ule mpaka wa 77, ingetosha yenyewe bila hata kuitafuta ya kwanza.

Mimba inahamisha namba nyingi, na si zote zinakwenda upande mmoja. Chukueni wingi wa damu. Katika ujauzito maji ya damu huongezeka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo himoglobini hushuka kidogo, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa upungufu wa damu kwa mjamzito kuwa gramu 11 kwa desilita (10.5 katikati ya ujauzito), chini ya ule wa mwanamke asiye na mimba. Presha ya ujauzito ikizidi, kuta za mishipa midogo zinavujisha. Maji yanatoka kwenye damu yanakwenda kukaa mwilini, miguu na uso vinavimba, na damu iliyobaki kwenye mishipa inakuwa nzito. Himoglobini inapanda. Nimesikia mama aliyevimba hadi vidoleni, mwenye himoglobini ya 14 katika mwezi wa nane, akipongezwa kliniki: hongera, wewe damu unayo. Wapo wanawake wenye damu nzuri tu, tena wengi, na sitaki kila mwenye 13 atiwe hofu. Ila huyu alikuwa amevimba na presha yake ilikuwa imepanda. Kwake namba hiyo ilitakiwa kuleta swali.

Kwenye ini mambo ni kinyume chake. Kuna kimeng'enya kinaitwa alkalini fosfatesi ambacho kondo la nyuma nalo hukitengeneza. Miezi ya mwisho kinaweza kufika mara mbili ya kiwango cha mtu mzima, hata zaidi, na mama akawa mzima kabisa. Mashine inaweka alama ya juu, mama anaambiwa ini lake lina shida, anapewa rufaa, familia inakopa nauli. Wakati huohuo AST na ALT, vimeng'enya ambavyo mimba haivipandishi, vikifika 60 au 70 kwa mwenye presha vinaonekana vimezidi kidogo tu, na jambo linaachwa lipite. Hivyo vya pili ndivyo vinavyosema ini limeguswa. Chama kile cha kimataifa kinahesabu kuanzia pale vinapovuka 40, na mwongozo wa Marekani unahesabu vinapofika mara mbili ya ukomo wa juu.

Asidi ya yuriki, taka nyingine inayotolewa na figo, nayo niiseme, kwa kuwa madaktari wetu wengi wanaipenda na huiomba mara kwa mara. Ni kweli hupanda katika presha ya ujauzito, kwa sababu figo zinaizuia badala ya kuitoa, na jambo hilo limejulikana kwa zaidi ya miaka mia moja. Lakini haitabiri vizuri nani atapata kifafa na nani hatapata, na si haki mtoto azalishwe kabla ya wakati kwa sababu yake peke yake. Kama fedha za vitendanishi ni chache, na tunajua ni chache, maoni yangu ni kwamba ziende kwanza kwenye kriatinini, AST, ALT na chembe sahani. Asidi ya yuriki ifuate kikibaki kitu.

Nirudi nyuma kidogo kwa faida ya waheshimiwa madiwani ambao si watu wa fani. Tunasema mama ana presha ya ujauzito pale ambapo, baada ya wiki 20, kipimo kinasoma 140 kwa 90 au zaidi kwa mama ambaye hapo mwanzo hakuwa nayo. Ikiambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili kwamba figo, ini, damu au ubongo vimeguswa, inakuwa ule ugonjwa unaoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Chanzo chake kiko kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya mji wa mimba inayotakiwa kutanuka ili ilishe kondo inashindwa kutanuka vizuri, kondo linakosa hewa ya kutosha, linamwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoharibu ngozi ya ndani ya mishipa mwili mzima. Ndiyo maana ugonjwa mmoja unaonekana kwenye macho, kichwa, figo na ini kwa pamoja, na ndiyo maana hautibiki kabisa mpaka kondo litoke. Dawa za presha zinamlinda mama asipasuke mshipa wa ubongo. Haziondoi ugonjwa.

Hapo ndipo damu inapokuwa na kazi kubwa. Mama akiwa na wiki 37, mwongozo unasema azalishwe, mjadala umekwisha. Akiwa na wiki 30 au 32, kila siku anayobaki tumboni mtoto inamkomaza mapafu, na kila siku hiyo hiyo inaweza kumuua mama. Daktari anayeamua kusubiri anahitaji kujua leo figo zikoje, ini likoje, chembe sahani ziko ngapi, na kesho kutwa ajue tena. Bila majibu hayo anasubiri gizani. Nimeshuhudia madaktari vijana kwenye vituo vyetu wakilazimika kuamua kwa kutazama uso wa mama tu, na nimewaonea huruma kwa dhati.

Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu. Katika ugonjwa huu hutumika kuziba majeraha madogo madogo ya mishipa na kupungua. Zikishuka chini ya 150,000 kwa maikrolita ni onyo, chini ya 100,000 ni hatari ya wazi, na mtaalamu wa usingizi anahitaji kuzijua kabla hajamchoma mama sindano ya mgongo kwa ajili ya upasuaji. Mwaka 1982 daktari Louis Weinstein wa Marekani aliipa jina la HELLP hali ambayo chembe nyekundu zinapasuka, vimeng'enya vya ini vinapanda na chembe sahani zinashuka kwa pamoja. Wanawake hawa huja wakisema tumbo linauma upande wa kulia chini ya mbavu, au chini ya chembe, wanatapika, na baadhi yao presha haijapanda sana. Mjini hapa maumivu hayo karibu kila mtu anayaita vidonda vya tumbo au gesi. Duka la dawa linamuuzia kidonge, anarudi kulala. Naomba liandikwe ukutani katika kila chumba cha kliniki: mjamzito aliyevuka wiki 20 mwenye maumivu ya chembe apimwe presha, mkojo na damu kabla hajapewa dawa ya tumbo.

Kuna jambo moja ambalo naliogopa kuliko yote, nalo ni magnesiamu salfeti. Ni dawa njema mno. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha inapunguza kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Wakunga wetu wanaijua: gramu 4 taratibu kwenye mshipa, gramu 10 kwenye misuli ya makalio, 5 kila upande, kisha gramu 5 kila baada ya saa nne. Dozi ya kwanza isisubiri maabara hata kidogo. Nasisitiza hilo ili asitokee mtu wa kuisoma barua yangu akamcheleweshea mama dawa. Lakini magnesiamu hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikiwa zimechoka inalimbikizana: kwanza goti halirushi mguu likigongwa, halafu pumzi inapungua, halafu inasimama. Ndiyo maana kabla ya dozi inayofuata mkunga anagonga goti, anahesabu pumzi kama zinafika 16 kwa dakika, anaangalia kama mkojo unafika mililita 100 kwa saa nne, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kumwokoa mama magnesiamu ikizidi, inakaa pembeni. Akiwa na kriatinini ya kweli mkononi, mama huyo atatazamwa kwa karibu zaidi. Akiwa na kriatinini ya 95 iliyopigwa muhuri wa kawaida, mkunga aliye peke yake zamu ya usiku na wazazi wengine leba atakuwa na sababu ya kumwamini huyu na kwenda kwa mwingine.

Sasa niseme la njiani, maana hili hamlioni mkiwa ofisini. Vituo visivyo na mashine vinatuma sampuli. Chupa ya kifuniko chekundu inafungwa ndani ya glavu, glavu inafungwa fundo, dereva wa bodaboda anaiweka kwenye mfuko wa koti, anashuka nayo barabara ya vumbi na mawe mpaka mjini. Ikifika kwangu, baada ya kuizungusha kwenye mashine, maji ya damu ambayo yalitakiwa kuwa ya njano hafifu yamekuwa mekundu kama juisi ya rozela. Chembe nyekundu zimepasuka njiani. Chembe hizo ndani yake zina potasiamu, AST na kimeng'enya kingine kiitwacho LDH kwa wingi, kwa hiyo namba hizo zote zinapanda kwa uongo. Ningeweza kuikataa sampuli na kuandika itolewe upya. Lakini nimekwisha kueleza kwamba katika ile hali ya HELLP chembe nyekundu hupasuka ndani ya mwili wa mama mwenyewe. Wekundu ule unaweza kuwa wa barabara, unaweza kuwa wa mama. Nikiwa na chupa tu mbele yangu siwezi kutofautisha, na mama yuko umbali ambao kumtoa damu upya ni kesho.

Dawa ya hili si ghali. Kila kituo cha afya kiwe na mashine ndogo ya kuzungusha damu inayofanya kazi. Damu iachwe igande kama nusu saa, izungushwe palepale, maji yake yahamishiwe kwenye kichupa safi, ndipo isafiri ndani ya boksi la baridi, na saa iliyotolewa iandikwe. Sampuli ikionekana nyekundu hapohapo kituoni, kabla haijapanda bodaboda, mtu apige simu: mama huyo ndiye asafiri, si chupa. Na mwenye presha ya 160 kwa 110 asingoje majibu ya aina yoyote. Apewe dawa, ipigwe simu namba 115, na m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, imtafutie gari. Tunajua mfumo huo unafanya kazi, tumeona magari yakiwaleta.

Kuhusu vitendanishi nina neno kwa timu za usimamizi wa afya za halmashauri. Oda ya Bohari ya Dawa ikitengenezwa kwa kutazama tu matumizi ya robo iliyopita, kituo kilichokaa bila kitendanishi cha kriatinini kwa wiki sita kinaonekana hakihitaji kitendanishi. Kinaagiza kidogo, kinaishiwa tena, na robo inayofuata kinaagiza kidogo zaidi. Hesabu ingeanza kwenye daftari la kliniki: wajawazito wangapi wamekutwa na presha ya 140 kwa 90 au zaidi. Kila mmoja wao anahitaji kriatinini, AST, ALT na chembe sahani siku ya kwanza, na atahitaji kurudiwa angalau mara kadhaa kabla hajajifungua. Idadi hiyo tunayo, tunaiandika kila mwezi. Haijawahi kuunganishwa na oda ya maabara.

Tangu 2017 serikali imejenga na kukarabati mamia ya vituo vya afya nchini ili viweze kufanya upasuaji wa dharura wa kumtoa mtoto. Huo ni ukombozi wa kweli kwa akina mama wa Longido na Loliondo, ambao zamani safari ya kwenda hospitali kubwa ilikuwa siku nzima. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikadiria vifo 104 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015–16 ulikuwa umekadiria 556. Kazi imefanyika, na wengine wenu mmeifanya kwa mikono yenu. Lakini kituo kinachoweza kumpasua mama kisiweze kumhesabia chembe sahani kabla ya kumpasua, hapo kuna pengo, na pengo hilo liko kwenye vituo zaidi ya kimoja.

Wengine mtaniambia kuna kipimo kipya. Ni kweli, mwaka 2023 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinacholinganisha protini mbili zinazotoka kwenye kondo la nyuma, na Uingereza walitangulia kutumia vipimo vya jamii hiyo. Natamani sana siku moja tuvipate hapa. Kwa leo sividai. Ninachodai ni vipimo ambavyo mashine zake tayari ziko kwenye majengo yetu, nyingine zimefunikwa kitambaa kwa kukosa chupa moja ya kitendanishi au kwa kukosa fundi.

Na mama akishajifungua tusimwache. Wengi wanadhani mtoto akitoka ugonjwa umetoka naye, na familia inataka kumpeleka nyumbani akale mtori. Presha mara nyingi hupanda zaidi siku ya tatu hadi ya sita, kifafa kinaweza kuja baada ya kujifungua, na chembe sahani huweza kuendelea kushuka siku moja au mbili kabla ya kugeuka. Damu irudiwe kabla ya ruhusa ya kwenda nyumbani. Irudiwe wiki ya sita, pamoja na mkojo, ili tumjue ambaye figo zake hazikurudi. Mwanamke aliyepata ugonjwa huu ana uwezekano wa karibu mara mbili wa kuugua moyo au kupata kiharusi baadaye maishani, na zaidi sana wa kuwa na presha ya kudumu. Kadi ya kliniki ya mtoto wake inafuatiliwa kwa miaka. Kadi yake yeye inatupwa.

Kwa hiyo naomba mkoa utoe waraka mmoja. Fomu ya kuomba vipimo iwe na sehemu ya kuandika kama mama ni mjamzito na ana wiki ngapi. Leo nyingi hazina, nami nyuma ya kidirisha naona jina na umri tu. Maabara zenye kompyuta ziingize viwango vya mjamzito ili vitoke vyenyewe mara tu sehemu hiyo inapojazwa. Zinazoandika kwa mkono zipewe muhuri wa mpira wenye viwango hivyo, ugongwe chini ya jibu. Muhuri kama huo unachongwa hapa hapa mjini kwa siku moja. Jibu la awali libandikwe ndani ya kadi ya kliniki, si kukunjwa, ili jipya lilinganishwe nalo. Na jibu la hatari lipigiwe simu wodini, jina la aliyepokea liandikwe, badala ya kulala kwenye trei mpaka mtu apite asubuhi.

Viwango vyenyewe vipitishwe na madaktari bingwa wa wanawake na wa figo, si na mimi. Hapa mkoani mabingwa wapo, na hospitali ya rufaa ya KCMC iko Moshi, saa mbili kwa gari, ambako taarifa za wazazi wanaojifungua zimekuwa zikitunzwa kwenye rejista maalumu tangu mwaka 2000. Kikao cha siku moja kinatosha kukubaliana namba nne au tano. Nimekwisha kuandaa rasimu ya fomu na ya muhuri kwa gharama yangu, na niko tayari kuileta mahali popote mtakaponiita, ikosolewe na kurekebishwa.

Wajawazito wenye presha wanaingia kliniki zetu kila wiki. Kikao cha robo cha timu ya mkoa kinakuja. Naomba jambo hili liwe kwenye ajenda yake, na uamuzi, wowote utakaokuwa, utumwe kwa maandishi kwa wasimamizi wote wa maabara.

Naomba kuwasilisha.

Mteknolojia wa maabara,
Arusha